Papai la Harusi ya Dada Zena

Sisi tuliokua wakati nyama inafungwa kwenye jani la mgomba na kuning'inizwa kidoleni kwa kamba hatudanganyiki kirahisi. Nyama tuliiona ikiwa bado inatembea. Tulimjua aliyeileta kutoka tambarare, tulimjua aliyeichinja, na tulisimama pale sokoni Mkuyuni mchinjaji akiipasua kwa shoka juu ya gogo, vipande vya mfupa vikiruka mpaka miguuni petu. Leo mwanangu Rehema ananiletea kifuko cha nailoni kimegandishwa, kimeandikwa steki, na mimi nakigeuza mara tatu kabla hata sijauliza bei. Steki ya wapi? Ya ng'ombe gani? Alikufaje? Rehema husema mimi ningefaa kuwa askari wa upelelezi. Huenda. Lakini tabia hii ya kushuku sikuianza ukubwani. Niliipata jikoni kwetu nikiwa na miaka kumi, na mtu wa kwanza kumshuku alikuwa mama yangu mzazi.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya Mkuyuni, ukiacha barabara ya Matombo na kupanda kwa miguu mpaka magoti yaanze kulalamika. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye paa. Tulikwenda shule na ufagio wa chelewa mkono mmoja na kuni mkono mwingine, tumboni magimbi ya jana yaliyochomwa kwenye jivu. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka mtu aitwe kwao mara tatu. Mara ya nne hukuitwa kwa mdomo, uliitwa kwa fimbo. Watoto wa sasa wakiitwa wanajibu "nakuja" bila kuinua macho kwenye simu, hawaji, na hakuna kinachowapata. Tulikula ndizi za kupika, mihogo, mananasi mpaka ulimi unachubuka, na mafenesi yaliyotunukisha siku mbili nzima. Kilichokuwa adimu ni nyama.

Milimani kwetu ng'ombe hakai. Miteremko ni mikali na malisho hakuna, kwa hiyo ng'ombe alipandishwa kutoka bondeni, na aliyepandishwa ni yule ambaye wenyewe wameshamchoka. Wazee walisema ng'ombe hazeeki maini. Kwa maini sina ubishi. Lakini shingo huzeeka, na muundi huzeeka, na sisi tulionunua shingo na muundi kwa kuwa ndivyo vilivyotosha mfuko wetu tuna ushahidi wa taya. Kwa jirani zetu nyama iliinjikwa asubuhi, ikachemka mpaka alasiri, kuni zikaisha, na bado ulipoiuma ilivutika kama kandambili.

Kwetu haikuwa hivyo. Baba alikuwa fundi cherehani, ameweka mashine yake kwenye baraza la duka pale sokoni, na akipata kazi ya sare za shule alirudi jioni na fungu la shingo ndani ya jani. Mama aliipokea, na kabla wali haujakauka nyama ilikuwa imeiva, laini, inakatika kwa ulimi. Bibi yetu ambaye hakuwa na jino hata moja alikula kama sisi. Sifa zilitoka, na mama akawa ndiye anayeitwa kwenye shughuli: harusi, maulidi, hitima, kote alikwenda na upawa wake mwenyewe. Heshima yake kijijini ilikuwa hiyo. Hakuwa na shamba kubwa wala elimu, alikuwa na mkono.

Watu wazima walisema "ana mkono" wakaridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu ya ndoo.

Kila siku ya nyama, mama alinituma maji mtoni. Ndoo mbili. Hakusema moja wala tatu. Mwanzoni nilienda kama mtoto yeyote anavyotumwa. Halafu siku moja nilikuta mtungi umejaa mpaka shingoni, na bado nikatumwa. Wiki zilizofuata nikawa nachungulia mtungi kwanza. Umejaa. Natumwa. Nikirudi na ndoo ya pili, sufuria tayari iko motoni na mama ananawa mikono kwa majivu, ananawa muda mrefu kuliko mtu aliyeshika nyama tu. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kijijini tulisikia habari za wanawake wenye vitu vyao, na mimi nikiwa nimelala usiku niliwaza kuwa huenda sifa zote zile za mama zina kitu nyuma yake ambacho mtoto hatakiwi kukijua.

Siku moja nilificha ndoo kwenye migomba, nikarudi kinyumenyume mpaka ukuta wa nyuma wa jiko, mahali udongo ulipobanduka. Nikamwona mama amekaa kwenye kigoda, kitambaa amekizungusha viganjani, anakwangua kitu cha kijani kwenye kipande cha bati alichokitoboa kwa msumari. Maziwa meupe yalikuwa yanadondoka. Alichanganya na tangawizi iliyotwangwa, akakamulia ndimu, akatia chumvi, kisha akaipaka ile nyama taratibu, huku na huku, kama unavyompaka mafuta mtoto mchanga. Midomo ilikuwa inatikisika. Nikajua sasa anasema maneno yake. Kumbe alikuwa anahesabu vipande.

Nilivyotaka kuondoka nikakanyaga kuni. Mama hakupiga kelele. Aliniita ndani, akanionyesha maganda. Lilikuwa papai bichi, basi. Papai bichi hulainisha nyama ngumu, alisema, lakini lina hasira: likikaa muda wa ndoo mbili kwenda na kurudi mtoni nyama inalainika, likikaa zaidi nyama inakuwa uji. Ndoo zile zilikuwa saa yake, na zilikuwa pia njia ya kuniondoa nyumbani. Kisha akasema neno ambalo nililibeba kwa woga miezi mingi.

"Bibi yako alinipa mimi, na wewe nitakupa ukikua. Lakini ukilisema kwa watu, umenivua nguo sokoni."

Wasomaji wa rika langu hamhitaji kuelezwa kwa nini. Wakati ule papai bichi lilikuwa na kesi nzito. Mwanamke mwenye mimba hakuligusa. Mwanaume aliyelila, ilisemwa, nguvu zake zinakwisha kidogo kidogo mpaka abaki jina. Hata mpapai wenyewe haukupandwa karibu na dirisha la chumba cha mwenye nyumba, na mipapai yetu ilikuwa kule mbali nyuma ya gofu lisilokaliwa na mtu. Na mama yangu alikuwa analisha harusi za tarafa nzima. Mabwana harusi wangapi walikuwa wamekula kwa mkono wake? Nilipolielewa hilo, nikaelewa pia kwamba nimekabidhiwa mzigo usiolingana na kichwa changu.

Basi ikaja harusi ya dada Zena, binti wa mama mkubwa. Alikuwa anaolewa na kijana wa Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, watu wa tambarare ambao wakati ule tuliwaona kama wanatoka nchi nyingine. Wao walitanguliza mchele, magunia ya mchele mweupe mrefu. Sisi ilikuwa zamu yetu kutoa kitoweo. Mjomba, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli kwa watoto wa dada zake, alishuka bondeni akarudi na ng'ombe. Nilipomwona nilishuka moyo. Pembe zilikuwa ndefu, zimejikunja mpaka zinakaribia kurudi kichwani, na kila hatua alionekana kuifikiria kwanza. Alichinjwa asubuhi, mwalimu wetu wa madrasa ameshika kisu, na Babu Kibwana ameshika miguu.

Babu Kibwana huyo alikuwa mtani wa ukoo wetu. Mnajua mtani alivyo. Anaweza kuingia msibani akajilaza mahali pa maiti, anaweza kumpora bi harusi kiatu, na hakasirikiwi. Akikutania huapi wala hubishi, unamrudishia utani. Ukinuna, umeshindwa na umevunja mila.

Siku hiyo nilikuwa msaidizi wa mama rasmi. Wanawake wengine waliwekwa mbele ya nyumba wamenye vitunguu na kuchambua mchele, sisi wawili tulikuwa nyuma na mabeseni. Tuliipaka nyama yote, mama akanitazama, nami nikachukua ndoo. Niliporudi na ya pili nikakuta wanawake wameacha kumenya. Habari zilikuwa zimefika: lori la wakwe limezama kwenye tope chini ya Mkuyuni, wanalisukuma. Mjomba akatoa amri moto usiwashwe. Wakwe hawalishwi chakula kilichopoa, alisema, watakwenda kututangaza Dakawa.

Mama alimfuata, akamwomba nyama ianze japo wali usubiri. Mjomba akamuuliza haraka ya nini, nyama yenyewe ya ng'ombe mzee si inataka kupumzika? Mama asingeweza kujibu bila kulitaja papai. Alirudi nyuma ya nyumba, akaisuuza nyama kwa siri, lakini papai likishaingia halitoki kwa maji. Mimi sikuweza kukaa. Nilichukua ndoo nikaenda mtoni mara ya tatu bila kutumwa, na ya nne, na ya tano. Kila niliporudi niliinua jani lililofunika beseni na kubonyeza kipande kwa kidole. Ya sita sikuthubutu kubonyeza.

Wakwe walifika wamepakaa tope mpaka kiunoni, wakaoga, ndoa ikafungwa, masinia yakaanza kutoka. Mimi nilikuwa nazungusha bakuli la kachumbari kwenye mikeka ya wanaume. Nyama juu ya pilau haikuwa tena vipande, ilikuwa kitu kilichokumbuka kuwa kipande. Mwanzoni walisifu. Halafu nikaona mikono inapunguza mwendo. Mzee Salumu, baba mkubwa wa bwana harusi, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe, alikibonyeza kipande kwa dole gumba dhidi ya sinia, kikatandazika chote. Alikitazama. Akamtazama jirani yake. Jirani akakitazama pia.

Babu Kibwana akaliona hilo, na ulimi wake haukuwahi kuiacha nafasi.

"Kuleni, wakwe. Ng'ombe huyu alijifia usingizini, tukaona haya kumwamsha kwa kisu."

Upande wetu ulicheka sana. Upande wa Dakawa haukucheka. Wao hawakumjua kama mtani, waliona mzee wa makamo mwenye kofia safi anasema mbele ya watu kwamba wamelishwa kibudu. Mikono yote ilitoka kwenye masinia kwa pamoja. Kicheko chetu kikafa kimoja kimoja.

Mzee Salumu aliuliza kwa adabu nani alichinja. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameshaondoka kwenda kufungisha ndoa nyingine. Babu Kibwana, sasa amegundua moto aliouwasha, akaapa kwamba yeye mwenyewe alishika miguu na bismillahi aliisikia kwa masikio yake. Mzee Salumu akaitikia kwa kichwa. Akasema ameamini kwamba amechinjwa. Lakini pembe zake ameziona pale kwenye uzio, na ng'ombe mwenye pembe zile halainiki hivi hata akipikwa siku tatu. Basi angependa kujua ndani ya nyama tumetia nini.

Shaka ile ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Kibudu ni dhambi, lakini "mmetia nini" ni uchawi. Mama aliitwa. Alisimama pembezoni mwa mkeka, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Kadiri alivyokaa kimya ndivyo nilivyoona watu niliowazoea, watu walioisifu nyama yake miaka yote, wanaanza kukumbuka. Nyuso zilibadilika. Kila mmoja alikuwa anarudi nyuma kwenye harusi aliyokula, hitima aliyokula, ugonjwa uliompata baadaye. Mama yangu alikuwa anageuka mchawi pale pale, na upawa bado ameushika.

Ndipo Mzee Salumu akanigeukia mimi na bakuli langu. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye unayemsaidia mama. Ametia nini?"

Nilikuwa nimempa shikamoo yule mzee, naye ameniitikia marahaba. Kwetu ilifundishwa kwamba uliyemwamkia humdanganyi. Na nilifikiri, kwa akili yangu ya miaka kumi na moja, kwamba kati ya mchawi na papai, papai ni afadhali. Nikasema ni papai bichi.

Kisha vijana wa Dakawa wakainuka kwenda kunawa. Mmoja alitema. Bwana harusi, ambaye alikuwa amepewa sinia lake na mnofu mzuri kuliko wote, alibaki ameinamisha kichwa. Mtu alisema wazi kwamba tumemfanyia kusudi, siku ya kwanza ya ndoa yake, na wengine wakataka lori liwashwe na bi harusi abaki kwao.

Hapo mama akaivuta kanga nyuma, uso wote ukaonekana.

"Mume wangu huyo hapo," alisema. "Amekula nyama yangu tangu wiki ya fungate. Na watoto wake saba wako humu humu uwanjani. Wahesabuni."

Watu walitazamana. Kicheko kilianza chini chini kwa wanawake, kikahamia kwa wazee. Na Babu Kibwana, ambaye laiti angenyamaza, akasema ndiyo, wahesabiwe, ila kwanza waulizwe kila mmoja aliingia nyumba ile kwa mlango upi.

Uwanja ulilipuka. Hata wakwe walicheka sasa, wameshamwelewa mzee yule ni wa aina gani. Ni utani, kwa hiyo haujibiwi kwa hasira. Baba yangu, mtu asiyependa kusimama mbele za watu, alisimama. Alikuja akaketi kwenye sinia la Mzee Salumu, akamega nyama nyingi, akala tonge la kwanza, la pili, la tatu, watu wote wanamtazama. Akasema kwa sauti ile ile anayoombea wateja wampe vipimo:

"Wakwe, mimi papai limenipunguzia njaa tu."

Mzee Salumu alicheka mpaka akafuta macho, akarudisha mkono kwenye sinia, na vijana wakarudi mmoja mmoja. Bwana harusi alikuwa wa mwisho kurudi, lakini alirudi. Dada Zena aliondoka na lori jioni ile. Kwa waliotoka mbali, hadithi iliishia hapo na ikawa ya kuchekesha.

Kwetu haikuishia hapo. Mama hakunipiga. Aliniambia "Umesema," basi, na ningependa zaidi fimbo. Tangu siku hiyo hakuitwa tena kupika harusini. Aliitwa misibani, ambako hakuna bwana harusi. Lakini lililonila mimi lilikuwa jingine. Haikupita wiki nikamsikia baba mlangoni anamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba nyama yake yeye sasa ichemshwe hivi hivi, bila kupakwa kitu. Mama akajibu sawa. Na ikawa sawa kweli, kwa miaka yote: sufuria mbili jikoni, yetu laini na ya baba ngumu. Alikuwa anatafuna mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Mimi nilijua kwa nini. Mbele za watu alimlinda mkewe, lakini lile neno la mlango upi lilikuwa limeingia, na likishaingia halitoki. Alikuwa anatushuku. Alikuwa anamshuku mama, na aliyeufungua mlango huo ni mimi. Nilichukua kioo cha kunyolea ndevu nikalinganisha pua yangu na ya baba. Nililinganisha masikio ya wadogo zangu wakiwa wamelala. Baba akinyamaza kidogo wakati wa kula, nilijua anahesabu. Alipozaliwa mdogo wetu Shukuru, mtoto wa nane, baba alimbeba mgongoni mpaka sokoni, jambo ambalo wanaume hawakulifanya wakati ule, akashona huku mtoto amelala kwenye kapu la vitambaa. Nikajisemea, huyu ana uhakika naye. Huyu amekuja baada ya papai. Niliolewa nikiwa na shaka hiyo, nikazaa nikiwa nayo, na baba alipofariki nilimlilia nikiwa nayo.

Mwezi uliopita Rehema alikuja na mumewe kutupikia. Mama yuko kwangu siku hizi, hapa mjini, Kihonda, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni mwa jiko na hakuna kinachompita. Rehema ameegemeza simu kwenye kopo la chumvi, binti mmoja ndani ya simu anamwelekeza, eti leo tunamarineti. Na nani anamenya papai bichi? Mumewe. Amevaa aproni, anamenya anapiga mluzi, utomvu unamchuruzika mpaka kwenye viwiko na wala hana habari. Nyama yenyewe ni mchanganyiko wa shingo, kwa maana hata wao steki hawaimudu kila siku. Nilimtazama yule kijana, nikamtazama mama, na mama alikuwa anatabasamu. Sikuweza kuvumilia tena. Nilimuuliza, na nywele zangu zenyewe zimeshakuwa nyeupe, kwamba baba aliacha nyama iliyopakwa papai kwa sababu alitushuku?

Mama alishangaa kweli.

"Akushuku nini? Wewe na pua yake hiyo?"

Akanieleza. Usiku wa harusi ile, walipofika nyumbani, baba alimuuliza tena taratibu kama ni kweli amelishwa papai tangu fungate. Mama akasema kweli. Baba akakaa kitandani, akahesabu kwa vidole, akasema: "Basi bila papai tungekuwa na kumi na wanne." Alicheka peke yake gizani mpaka akakohoa. Halafu akasema basi, liache, nataka mmoja tena. Shukuru alipozaliwa mwaka uliofuata, ndipo akaamini moja kwa moja, na hakuligusa papai mpaka anaingia kaburini.

"Baba yako aliogopa papai," mama alisema. "Mimi hakunitilia shaka hata siku moja."

Nilimuuliza kwa nini hakunieleza miaka yote hiyo. Akanijibu kwa kunishangaa kwamba mambo ya chumbani mtoto anaelezwaje.

Ndivyo tulivyolelewa. Haya ilikuwa nyingi na maneno yalikuwa machache, na mtoto aliyetaka kujua alijisomea mwenyewe kwenye nyuso za wakubwa, akisoma sawa au akikosea hakuna wa kumsahihisha. Watoto wa leo wanaambiwa kila kitu, wasipoambiwa wanaiuliza simu, na Rehema amenicheka mpaka leo kwamba nilibeba kesi ya papai zaidi ya miaka thelathini. Mwache acheke. Ana haki, na kwa hilo nawaonea wivu. Ila kuna kitu hatakijua. Mimi ndiye niliyekuwa namnawisha baba mikono baada ya kula, kila jioni mpaka nilipoolewa. Nilimmiminia maji polepole makusudi ili nipate muda wa kumtazama usoni, nikitafuta ile shaka. Naye aliniachia nimtazame, hakuwahi kukwepesha macho. Pengine alidhani ni mapenzi tu.